Nimekukatalia Mbele ya Watu, Mume Wangu

Mpendwa mume wangu Seif,

Nakuandikia waziwazi kwa sababu maneno yenyewe yameshatoka nje. Huku mjini wanasema mke wa Seif kamkatalia mumewe kazi yake ya mwisho, tena mbele ya dunia nzima, udongo wa kaburi haujakauka. Wenzetu wa mbali nao wamesoma niliyoandika na si wote walionielewa. Kila mmoja ananihurumia kwa namna yake, na huruma zao zimenichosha. Nimeona bora niseme na wewe, na wao wasikilize.

Unakumbuka chuoni Tunguu, siku ile mwalimu alipokuita ubaoni ueleze namna kompyuta inavyotafuta faili? Mimi nilikuwa msichana wa Makunduchi niliyesomeshwa kwa mwani wa mama yangu, nimekaa mbele na buibui langu jipya. Wewe mtoto wa mjini, babu zako Waarabu waliokuwa na mashamba ya minazi, na wewe mwenyewe huna hata mche wa mchicha. Ukaeleza vizuri, darasa zima likakupigia makofi. Nikanyoosha mkono nikasema hapo katikati umekosea. Ulibisha mpaka kipindi kikaisha, ukabisha nje ya darasa, ukabisha kwenye foleni ya chai. Kesho yake ukaja na maandazi kwenye kipande cha gazeti, ukanitilia mkononi.

"Haya, mtu wa shamba, umenishinda. Lakini umenishinda kwa kelele."

Posa yako ilipofika kwetu, mama aliniuliza kama naijua tabia yako. Nikamwambia ninaijua: mbishi huyu, lakini akishaonyeshwa kosa halifichi. Mama akasema hiyo inamtosha.

Kwa asiyejua kazi yetu nitaieleza hapa upesi, nawe nivumilie. Kila kompyuta ina mfumo endeshi, ndio unaozisimamia programu nyingine zote. Huu wetu unaandikwa na watu kutoka kila pembe, na yeyote anaweza kuusoma. Ndani yake kuna sehemu inayosimama kati ya programu na mafaili, mithili ya mlango. Programu ikitaka kufungua faili, kuandika, kubadilisha jina au kufuta, inapiga hodi hapo. Mimi na wewe tulikuwa watu wa mlangoni. Mtu akileta mabadiliko, tunayasoma mstari kwa mstari kabla hayajakubaliwa, na kila tunalosema linabaki hadharani na jina la aliyelisema.

Wenzetu husoma kimya. Sisi tulisoma kwa sauti, na utaratibu huo ulianza tulipohamia ghorofani Michenzani na mama yako, Bi Zuwena. Ulikuwa unahakiki mabadiliko marefu ya mtu mmoja, ukawa unasinzia, nikakwambia hebu soma nikusikie. Ukasoma kwa Kiswahili, mstari mmoja mmoja: "Hapa anauliza jina. Hapa anaangalia kama ana ruhusa. Hapa anafunga, asiingie mwengine." Mimi nafuatilia kwenye kioo cha kompyuta. Ulipopotea nikagonga meza kwa ukucha, sikusema kitu. Ndivyo tulivyofundishwa sote chuo cha Kurani: mwenzako akikosea humtajii kosa, unagonga tu, arudi alitafute mwenyewe. Ukasonya, ukarudi, ukaliona. Tangu hapo hatukusoma vingine. Jirani wa chini alimsimamisha Bi Zuwena kwenye ngazi akamuuliza kama wanawe wanafanya uganga.

Halafu ukaja na lile jambo lako kubwa. Uliona kwamba kila aina ya diski imejitengenezea njia yake pale mlangoni, na kosa likirekebishwa kwa hii linabaki kwa ile. Ukataka zote zipite njia moja. Nilikwambia, "Seif, hii si kazi ya mtu mmoja." Ukanijibu huku unatia sukari kwenye chai, "Mimi si mtu mmoja. Nna wewe." Wengine wanaandikiwa mashairi, mimi niliambiwa hivyo, na nilitosheka.

Miaka yote uliyoifanya kazi hiyo adui yako alikuwa umeme. Ulikuwa ukikatika katikati ya jaribio, nawe unapiga ukuta kwa kiganja. Siku moja feni ilizimika, Bi Zuwena akazidiwa na joto mpaka tukampepea kwa mkeka. Ulitoka bila kusema unakwenda wapi. Ulirudi na betri kubwa na inveta yake, umevipandisha mwenyewe kwa ngazi mpaka kwetu juu, jasho linakuchuruzika, hutaki kusaidiwa. Kuanzia hapo umeme ukikatika mtaa mzima unaguna, kwetu feni inazunguka na kompyuta hazina habari. Bi Zuwena alikuwa akichungulia dirishani na kusema, "Masikini, wenzetu gizani!" kwa furaha ambayo wala hakujaribu kuificha.

Uliondoka bila kuaga. Ulisema kifua kinakubana, ukajilaza, na kabla ya adhana ya Adhuhuri ukawa umeshatangulia mbele ya haki. Sitaandika zaidi juu ya siku ile. Waliokuwapo wanaijua.

Nikakaa eda. Watu wakaja kuhani, hitima ikasomwa, masufuria yakapanda na kushuka ngazi. Wageni walipopungua nikafungua kompyuta, maana nilikuwa ndani kutwa na sikujua mikono yangu niiweke wapi. Nikakuta ujumbe wa msimamizi wetu, yule bwana wa Norway uliyempa jina la Bwana Baridi. Baridi yenyewe sikuiona. Aliandika kwa upole sana kwamba wenzetu wote wamekubaliana kazi yako kubwa iingie kwenye toleo linalokuja, iwe kumbukumbu yako. Kilichobaki ni jina langu chini ya lako, kwamba nimeisoma na nimeridhika. Nikisema ndiyo, akaandika, hapana atakayeuliza lolote.

Nikamsomea Bi Zuwena. Akauliza, "Jina la mwanangu litakaa humo?"

"Litakaa, mama."

"Mpaka lini?"

"Maadamu watu wanautumia mfumo huu."

Akainua mikono akaomba dua mpaka sauti ikamkatika. Hatukujaaliwa mtoto, Seif, na unajua jambo hilo lilivyomkaa moyoni, ingawa hakunitamkia hata siku moja. Siku ile aliona kwamba kuna kitu chako kitakachobaki kuitwa kwa jina lako.

Ningeweza kujibu ndiyo palepale. Lakini sijawahi kuweka jina langu chini ya kazi nisiyoisoma, na yako ndiyo ningeanzia? Nikaanza mwanzo, kwa sauti, peke yangu. Bi Zuwena akaja akasimama mlangoni, amedhani nasema na wewe. Nikamwambia nasoma kazi yako. Akavuta mkeka akakaa, tasbihi mkononi.

"Soma, mwanangu. Namsikia."

Na kweli ulisikika. Ulisikika kwenye yale maelezo yako marefu kuliko kazi yenyewe, na pale ulipomwandikia atakayekuja nyuma yako kwamba hapa asiguse kitu kabla hajanywa chai. Nilifika mahali ulipounganisha njia tatu zilizokuwa zikigombana, nikapasoma tena kwa sababu palikuwa pazuri. Nasema hili mbele ya watu, wasije wakadhani niliikataa kwa ubaya. Ilikuwa kazi safi, ya mtu aliyeipenda.

Alasiri moja nilikuwa naijaribu kwenye ile kompyuta yetu ya majaribio. Betri yako ilikuwa taabani. Wakati wa msiba feni hazikuzimwa wala taa, na simu za wageni wote zilichajiwa kwetu. Umeme ukakatika, inveta ikatoa mlio mmoja ikanyamaza, na kompyuta ikazimika machoni pangu. Umeme uliporudi nikaenda kuitazama faili niliyokuwa nimeihifadhi punde tu. Jina lipo, ndani tupu. Maandishi ya zamani hayapo, mapya hayapo. Nikadhani ni bahati mbaya. Nikaandika upya, nikaambiwa tayari, nikachomoa waya kwa mkono wangu. Tupu tena.

Nikalitafuta mpaka nikaliona. Programu ikitaka kubadilisha faili huandika nakala mpya pembeni, kisha nakala hiyo hupewa jina la ile ya zamani na kushika nafasi yake. Mlango wetu unaahidi kwamba jina halibadilishwi mpaka maandishi yafike kwenye diski. Katika njia yako moja palikuwa na mahali jina linatangulia na programu inajibiwa "tayari", na maandishi bado yamo kwenye kumbukumbu ya muda, ile inayosahau kila kitu umeme ukienda. Kompyuta isiyozimika haikuonyeshi kosa hilo maisha yako yote. Bwana Baridi na wenzake hawakuliona. Nawe hukuliona, wewe uliyezaliwa na kukulia katika kukatika umeme, kwa sababu betri ilikuwa inafanya kazi.

Hapo nililia, tena kwa hasira. Ulituondolea adha ile mpaka na wewe ukaisahau.

Nikamfikiria daktari wa kituo cha afya kule kwetu. Mfumo huu wanautumia. Anaandika dawa ya mgonjwa, kompyuta inamwambia imehifadhi, umeme unakwenda, na mgonjwa harudi mpaka mwezi ujao. Nikajua kwamba ndiyo siwezi kuiandika.

Kulitengeneza kulikuwa mistari michache tu. Niliiandika jioni ileile, na shetani akanijia na wazo zuri: nilitie rekebisho hilo humo kimya, kwa jina lako, kama uliloliandika mwenyewe. Hakuna ambaye angejua. Uso wangu ukaniumbua, na Bi Zuwena akaniuliza kulikoni. Nikamweleza.

"Kakosea?"

"Kakosea pahala pamoja, mama. Padogo, lakini pana madhara."

"Na wewe huwezi kupatengeneza?"

"Nshapatengeneza."

"Basi litie humo, unyamaze. Msitiri mwanangu. Maiti hasemwi, Mwatima."

"Nikilitia kwa jina lake ntakuwa nimemsemea asilolisema. Na atakayekuja kesho hatojua ile mistari ya nini, ataifuta."

"Na ukimtangaza kwa watu, hiyo ndiyo heshima?"

Akaniangalia kwa jicho ambalo hakuwahi kuniangalia nalo tangu niingie nyumbani kwake. "Mimi nimebakiwa na jina tu," akasema, akaingia chumbani akafunga mlango.

Nilikaa ukumbini na maneno yake. Alikuwa na haki, maana ndivyo tulivyolelewa sote, wa mjini na wa shamba: aibu ya mtu wako unaifunika, na akiwa amekufa unaifunika zaidi. Kilichonitoa pale ni hasira zako. Nilikumbuka siku mwenzetu mmoja alipoona kosa katika kazi yako, akalirekebisha chini kwa chini, kwa ihsani tu, asikuudhi. Ulivyogundua! Ulizunguka sebule nzima ukipiga kelele, "Mtu akiniona nimekosea anambie! Akinirekebisha kimyakimya kaniona mtoto!" Nilikutuliza kwa taabu, nikakwambia mwenzio alikuwa na nia njema. Ukasema nia njema hiyo akampe nyanya yake.

Basi nikaandika. Sikuandika kwa ukali, wala sikukuita marehemu. Niliandika kama nilivyokuwa nikikuandikia siku zote: "Seif, hapa pana kasoro. Chomoa waya uone." Nikaeleza kosa lote. Chini, pale watu walipokuwa wakingoja jina langu, nikasema sijaridhika. Nikatuma.

Nilichosahau ni kwamba kila pingamizi hupelekwa lenyewe kwa mwenye kazi. Chumbani kwa Bi Zuwena simu yako ikalia. Sikujua hata kama ingali hai. Kumbe mama yako alikuwa akiichaji kila siku, aangalie picha zako na asikilize sauti ulizokuwa ukimtumia ulipokuwa mbali naye.

"Mwatima!"

"Naam, mama."

"Njoo. Seif kaletewa ujumbe."

Nikaingia. Amekaa kitandani, ameishika simu kwa mikono miwili.

"Nani huyu?"

"Ni mimi, mama."

"Unamwambiaje?"

"Namwambia kakosea."

Alikitazama kile kioo mpaka kikazimika. Kisha akauliza, taratibu, "Na yeye ukimwambia hivyo alikuwa akifanyaje?"

"Akibisha."

"Sana?"

"Mama, wewe si ulikuwa ukitusikia?"

Akacheka, Seif. Kicheko cha kwanza tangu uondoke, na kikaishia kwenye kilio, nikamshika, tukalia pamoja kwa mara ya kwanza bila wageni. Alipopata pumzi akajifuta kwa upande wa kanga.

"Basi dawa yako ya hilo kosa usiitie kwanza," akaniambia. "Mwache abishe. Ni haki yake."

Nikakuacha. Najua ni upuuzi, mwanamke mzima na shahada yake, lakini kila asubuhi nilifungua kompyuta nikaangalia kwanza kama umejibu. Nilikuwa nayajua majibu yako. Ungesema nimejaribu vibaya. Ungesema diski yangu mbovu. Ungesema watu wengine wa Makunduchi hungoja sikukuu ya Mwaka Kogwa ndipo wapigane, mimi peke yangu ndiye nisiyengoja. Nikakuwekea hoja zako zote kichwani, nikazijibu moja baada ya moja, na nyengine nikakuachia ushinde. Chini ya pingamizi langu pakabaki patupu. Nilishaona unatolewa nyumbani, nilishasikia unasomewa, na bado kuna upande wangu mmoja uliokuwa unangoja mlango ufunguliwe. Uliponiacha na neno la mwisho, ndipo nilipojua kwamba umekufa.

Hapo nikatuma marekebisho, kwa jina langu, nikaeleza ni ya nini. Nikaomba na wengine wachomoe nyaya zao kabla ya kusema lolote jema juu yetu. Wakachomoa. Bwana Baridi akaandika kwamba watangoja mpaka niridhike, na toleo lile likapita bila wewe. Hilo ndilo lililofika mjini likageuka kuwa nimekudhalilisha. Wapo waliokuja kuniambia ana kwa ana, nikawapa kahawa.

Sasa eda nimemaliza. Nimetoka, nimekwenda Makunduchi kumwangalia mama, nimerudi. Nina hamu na wewe kwa namna ambayo sikujua kwamba mtu anaweza kuwa nayo na bado akapika, akafua, akacheka na majirani. Bi Zuwena nipo naye na nitakuwa naye. Wamenishauri nirudi kwetu, nikawaambia kwetu ni hapa.

Jana nilimaliza kuisoma kazi yako tena, yote, kwa sauti, yeye akiwa kwenye mkeka wake. Nikaandika kwamba nimeisoma na nimeridhika, nikaweka jina langu chini ya lako. Itaingia katika toleo linalokuja, pamoja na pingamizi na marekebisho, vyote vinasomeka. Atakayeifungua atakuona ulivyokuwa, fundi aliyekosea pahala pamoja na akawa na mtu wa kumwambia.

Nikamwambia mama yako kwamba imekwisha.

"Mshamaliza kugombana?" akaniuliza.

"Tushamaliza, mama."

Akaitikia kwa kichwa. Akaenda chumbani kwake, nami nikamfuata mpaka mlangoni. Alichomoa chaja ukutani, akaukunja waya vizuri akautia kwenye droo ya kabati, akaiweka simu yako juu ya mto, na akakaa pembeni yake kuingoja izimike.

Mola akupokee kwa huruma, mume wangu, na auvumilie ubishi wako kama nilivyouvumilia mimi.

Mkeo,
Mwatima